Sampuli Isiyo na Mwenyewe

Kipimo cha maabara hakianzii maabara. Huanza pale daktari anapojaza fomu, muuguzi anapotoa damu na mhudumu anapoibeba. Sehemu kubwa ya makosa ya vipimo hutokea katika hatua hizo, kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Hata hivyo, majibu yakitia shaka, lawama humwangukia mtaalamu wa maabara peke yake.

Mifano ipo kila wodi. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu iliyomo ndani yake. Majibu huonesha kiwango cha kutisha ambacho mgonjwa hana. Ndivyo inavyokuwa pia damu ya chupa yenye kifuniko cha zambarau inapomiminwa katika chupa nyingine, kwani dawa ya kuzuia kuganda iliyomo ina potasiamu. Sukari nayo hupungua kwa takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa, iwapo damu itakaa kwenye joto la chumba katika chupa ya kawaida bila kutenganishwa. Sasa fikiria chupa hiyo amekabidhiwa ndugu wa mgonjwa, naye amesimama kwenye foleni ya malipo.

Wapo wanaodai kwamba kila kipimo kifanywe na mtaalamu wa maabara. Siafikiani nao. Mtoto mwenye degedege usiku wa manane hawezi kusubiri. Muuguzi aliyefunzwa ampime sukari na malaria papo hapo. Lakini kifaa anachotumia kikaguliwe na maabara, na majibu yaandikwe kwenye faili, si kwenye kiganja.

Kwa sampuli zinazopelekwa maabara, ninapendekeza mambo matatu. Mtoa damu aandike jina, namba ya faili na saa mbele ya mgonjwa. Mbebaji awe mtumishi wa hospitali, asiwe ndugu. Maabara nayo iwe na mamlaka ya kuikataa sampuli iliyoharibika, bila daktari kuona kwamba amedharauliwa.

Nawe mgonjwa, uliza jina lako limeandikwa wapi kabla chupa haijaondoka kitandani pako. Swali hilo si utovu wa adabu. Dawa utakayopewa kesho itategemea jibu lake.