Fundi, usinunue osiloskopu mara mbili

Mafundi wa TV na inveta, tuongee ukweli. Ukitaka osiloskopu ya kukaa nayo miaka, usikimbilie bei ya chini kabisa. Kale kadogo ka DSO138 kanaishia kilohezi 200. Kujifunzia sawa, ila kazini utaona mawimbi ya pawasaplai yamepindapinda, usijue mbovu ni bodi au ni kifaa chako. Mimi nilishatoa transista ambazo hazina shida kwa sababu hiyo, mteja akasubiri siku tatu bure.

Jikaze ufike megahezi 50, chaneli mbili. Rigol DS1054Z ina 50 hizo na chaneli nne, kazi za kibandani inazimudu. Ukipata iliyotumika, iwashe palepale, bonyeza kila kitufe.

Hela ikibaki, usiongeze megahezi, nunua probu ya difarensho. Kibanio cha probu ya kawaida kimeungana na ethi ya ukutani. Kibane upande wa moto wa pawasaplai uone shoti yake. Kuna wanaokata ethi kwenye plagi eti kukwepa shoti. Jamani! Hapo bodi la osiloskopu lenyewe linabeba umeme, na mkono wako uko juu yake.

Wewe mezani unayo ipi?