Bunduki porini: Mtalii anasindikizwa na silaha, mkulima je?

Kwa mkazi wa Ilomba, jijini Mbeya, mlima hauko mbali. Loleza uko pale juu ya jiji. Ziwa Ngosi na Mlima Rungwe ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Kupanda kwa miguu, kwa mazoezi au kwa ajili ya picha tu, si jambo la wazungu peke yao tena.

Na kila safari ya aina hiyo ikipangwa, swali moja halikosekani: tukikutana na mnyama je? Kuna anayejibu kwa utani, kwamba dawa ni kutembea na "chuma".

Utani huo una swali zito ndani yake. Nani ana haki ya kuwa na bunduki porini? Je, bunduki inamwokoa kweli mtembea kwa miguu? Na kwa nini ulinzi huo unampata mgeni kabla ya mwenyeji?

Sheria inasema nini

Tanzania si mahali ambapo mtu anajibebea tu silaha na kwenda matembezi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka raia awe na leseni, na Jeshi la Polisi ndilo linalosimamia.

Lakini hata mwenye leseni halali anafika mahali anasimamishwa. Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza kuingia hifadhini na silaha bila kibali. Marufuku hiyo inagusa Ruaha yenye simba na tembo, na inagusa pia Kitulo, hifadhi inayosifika kwa maua. Kwenye mapori ya akiba nako, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali.

Ukali huo una historia. Katika ikolojia ya Ruaha-Rungwa, tembo walishuka kutoka zaidi ya 30,000 mwaka 2009 hadi takriban 20,000 mwaka 2013, na ujangili ulikuwa sababu kubwa. Askari anayekutana na mtu mwenye rifle porini hawezi kujua kwa kumtazama tu kama huyo anajilinda au anawinda.

Sheria hiyo ya 2009 haikuacha mlango umefungwa kabisa. Kumuua mnyama ili kuokoa maisha ya mtu kunaweza kukubalika pale ambapo hakuna njia nyingine. Ila mzoga ni mali ya serikali, na tukio lazima liripotiwe. Aliyemchokoza mnyama kwanza hana utetezi huo.

Anayebeba ni askari

Ndiyo maana kwenye safari za miguu ndani ya Ruaha, mtalii hashiki silaha. Anayeshika ni askari wa uhifadhi, na yeye ndiye anayetangulia. Utaratibu huo unafanana na wa Mlima Meru, wenye mita 4,566, ambako wapandaji husindikizwa na askari mwenye bunduki kwa sababu njia za chini zina nyati na tembo.

Bunduki yenyewe si ya mchezo. Nyati aliyekasirika au tembo anayekuja kasi hasimamishwi na bastola ya kujilindia dukani. Inahitajika rifle nzito, na mtu aliyefundishwa kulenga huku moyo unamwenda mbio. Risasi mbovu inamjeruhi mnyama tu, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwako na kwa atakayepita njia hiyo baada yako.

Zaidi ya hapo, kazi kubwa ya askari huyo inafanyika kabla ya risasi. Anasoma nyayo na kinyesi kibichi. Anaangalia upepo unakoelekea, kisha anawazungusha wageni mbali na kichaka chenye nyati. Siku ambayo hakufyatua kitu ndiyo siku aliyofanya kazi vizuri.

Wamarekani walipima

Marekani mjadala huu upo miaka mingi, na mnyama wao ni dubu. Tangu Februari 2010, mtu anaweza kuwa na bunduki ndani ya hifadhi zao za taifa ikiwa sheria za jimbo husika zinamruhusu.

Je, inasaidia? Watafiti walichambua matukio 269 ya watu wenye silaha kukutana na dubu Alaska kati ya 1883 na 2009. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliwashangaza wengi: waliotumia bunduki hawakuwa salama kwa tofauti ya maana kuliko waliokuwa nayo lakini hawakuitumia. Sababu kubwa ya bunduki kushindwa ilikuwa muda. Dubu alishafika kabla mtu hajawa tayari.

Utafiti mwingine wa Alaska, wa mwaka 2008, uliangalia dawa ya kupuliza yenye pilipili. Ilimzuia dubu katika zaidi ya asilimia 90 ya matukio, na karibu wote waliokuwa nayo hawakujeruhiwa.

Hiyo haina maana kwamba kopo la dawa ya dubu litamrudisha nyati wa Ruaha. Somo ni kwamba kuwa na bunduki na kuweza kuitumia ndani ya sekunde mbili ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nyanda za Juu zinakumbuka

Huku kwetu bunduki iliwahi kuamua mambo. Kati ya miaka ya 1932 na 1947, simba walikula watu eneo la Njombe. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 1,500. Vifo vilikoma baada ya George Rushby, ofisa wa idara ya wanyamapori wa wakati wa ukoloni, na askari wake kuwaua simba 15.

Lakini angalia ilivyofanyika. Haikuwa kila mwanakijiji na gobore lake. Walikuwa watu wachache wenye ujuzi, waliotumwa na mamlaka, wakafuatilia kundi mahususi hadi mwisho. Na wengi wanaamini chanzo chenyewe kilitokana na serikali: wanyamapori walipigwa risasi kwa wingi ili kuzuia sotoka ya ng'ombe, simba wakakosa mawindo.

Kwa hiyo hoja si bunduki peke yake. Hoja ni kama mamlaka inafika, na inafika lini.

Anayetembea kila siku

Mtalii anaingia porini siku tatu, anaondoka. Mtu wa Idodi au Pawaga, Iringa, anaishi jirani na Ruaha mwaka mzima. Anaenda shambani, kuchota maji, kuchunga, kurina asali. Anatembea njia zilezile za tembo, na mkononi ana panga au fimbo. Hakuna askari anayemtangulia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 308. Wengi walikuwa wanavijiji wa kusini mwa nchi. Baadhi walishambuliwa wakilala shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori.

Kwa msiba wa namna hiyo, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa kifo na 500,000 kwa ulemavu wa kudumu. Jina lenyewe linaeleza: inafuta machozi, hairudishi mtu.

Kuwagawia wanavijiji bunduki si jibu. Ujangili ungerudi kwa kasi, na majeruhi wangeongezeka. Lakini kumwambia mkulima "usibebe silaha" bila kumpa kitu kingine ni kumwacha peke yake.

Na vitu vingine vipo. Kaskazini mwa Tanzania, timu za vijiji hufukuza tembo kwa mpangilio: kwanza tochi kali, kisha honi, halafu fataki zenye pilipili. Karibu na Milima ya Udzungwa, mizinga ya nyuki imefungwa kuzunguka mashamba, kwa sababu tembo anaogopa nyuki. Askari wa wanyamapori wa vijiji nao wapo, ila mara nyingi ni wachache kuliko eneo wanalolilinda.

Kwa anayepanda wikendi hii

Loleza, Ngosi na Rungwe adui yako wa kawaida ni ukungu, mvua, utelezi na kupotea njia. Bunduki haitatui hata kimoja. Chukua kiongozi wa eneo hilo, koti la mvua, tochi na simu yenye chaji, na anza asubuhi.

Ukienda kwenye wanyama wakubwa, kaa nyuma ya askari na fanya anachosema. Ukimwona simba, usikimbie. Tembo mpishe njia mapema.

Na siku mkutano wa kijiji au bajeti ya halmashauri ikijadili askari wa wanyamapori, tochi na mizinga, ujue hapo ndipo linapoamuliwa kama anayekwenda kisimani alfajiri atakuwa na mtu wa kumtangulia.