Risasi Nyepesi na Risasi Nzito

Mtu asiyeijua sana bunduki hudhani kwamba risasi nzito ndiyo bora, kwa kuwa jiwe kubwa humwumiza mnyama kuliko jiwe dogo. Mwingine, akiisha kusoma matangazo ya wauza bunduki, hudhani kwamba ile yenye mbio kupita zote ndiyo ya kununuliwa. Wote wawili hununua kabla hawajajiuliza kazi yenyewe ni ipi, na kabla hawajautazama mtutu. Katika mwaka 1955 kosa la jinsi hiyo halikuwapata wanunuzi tu, bali lilikipata hata kiwanda kikubwa cha Marekani, kama itakavyoelezwa.

Nchini Kenya uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo afadhali mambo haya yatazamwe huko huko Marekani, ambako wakulima na walenga shabaha huyashughulikia mwaka mzima. Huko uzito wa risasi, yaani ile sehemu irukayo wala si ganda lake, hupimwa kwa greini. Ni kipimo cha kale kilichotokana na punje ya nafaka. Greini 7,000 ni ratili moja, na gramu moja ni greini 15 na ziada kidogo.

Katika malisho ya South Dakota, Wyoming na Montana yuko mnyama mdogo wa jamii ya kindi, mwenye uzito wa ratili mbili au tatu, akaaye mashimoni kwa makundi makubwa. Wafugaji humlaumu kwa kula majani ya ng'ombe na kwa kuyachimba malisho. Mnyama huyu hupigwa kwa umbali wa yadi 200 au 300, naye haonekani sana ila kichwa na kifua. Kazi hiyo yataka risasi iendayo kwa mbio ili isishuke sana njiani, nayo iwe na ngozi nyembamba ya shaba ipasukayo mara igusapo kitu, mnyama afe papo hapo bila kuteseka. Kwa bunduki za inchi 0.22, risasi za greini 40 hadi 55 ndizo zilizozoewa. Kampuni ya Winchester ilipotoa .220 Swift mwaka 1935, risasi yake ya greini 48 ilisifiwa kwa kwenda futi 4,110 kwa sekunde. Wengi walistaajabu, ingawa baadaye walinung'unika kwamba mtutu uliliwa upesi na moto wa baruti nyingi.

Kupasuka huko kuna faida nyingine, nayo pengine ndiyo kubwa zaidi. Malishoni mna ng'ombe, mna nyumba, na watu hupita. Risasi nzito yenye ngozi ngumu ikigonga jiwe huweza kudunda na kwenda ikivuma mahali asipopatazamia mpigaji. Nyepesi mara nyingi huvunjika vipande vidogo vidogo. Lakini mtu asijidanganye kwa neno hilo "mara nyingi": ikipigwa juu ya upeo wa kilima, risasi hiyo hiyo ndogo huweza kufika mbali zaidi ya maili moja. Bila kilima au ukingo wa udongo nyuma ya mnyama, kidole kisiguse kifyatulio, hata risasi iwe nyepesi namna gani.

Kulenga shabaha ya mbali ni kazi nyingine kabisa. Huko Camp Perry, Ohio, kando ya ziwa Erie, mashindano makubwa ya Marekani yalianza kufanyika mwaka 1907. Karatasi ya shabaha haina haja ya kuuawa. Adui wa mlengaji ni upepo. Risasi nyepesi hutoka mtutuni kwa haraka sana, lakini hewa huipokonya mbio zake mapema, na upepo ukaisukuma kando. Iliyo nzito na ndefu hutoka polepole kidogo, ila huzihifadhi mbio zake, na kwa yadi 600 huwa imepeperushwa kidogo kuliko ile iliyoitangulia. Ndiyo sababu washindani watumiao .223 hupenda risasi ya greini 77 kwa yadi 200 na 300, na ya greini 80 kwa yadi 600, ingawa bunduki ya namna hiyo ilianza maisha yake na risasi ya greini 55.

Hata hapo uzito peke yake hautoshi. Risasi mashuhuri ya greini 168 ya bunduki za .308 ilibuniwa kwa shabaha ya mita 300, na kwa kazi hiyo ilipata sifa iliyoistahili. Kwa yadi 1,000 hushuka hadi karibu na mwendo wa sauti, ikaanza kuyumba, na waliokuwa wakiitumaini wakahamia ile ya greini 175. Nao washindani wa Palma, wapigao kwa yadi 800, 900 na 1,000, kwa miaka mingi walitumia ya greini 155 yenye umbo jembamba, na hawakushindwa kufika.

Sasa mtutu. Ndani yake mna mifuo iliyosokotwa, nayo huizungusha risasi kama pia. Pia ikizunguka polepole huanguka. Risasi nayo ikikosa mzunguko wa kutosha huenda kombo na kupiga karatasi kwa ubavu. Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu huko Woolwich, Uingereza, alionyesha kwa kanuni kwamba kadiri risasi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyohitaji msokoto mkali. Angalia kwamba ni urefu, si uzito. Uzito huingia kwa sababu, kipenyo kikiwa kimoja, iliyo nzito zaidi haina budi kuwa ndefu. Mtutu ambao mifuo yake hutimiza mzunguko mmoja kila inchi 12 huishika vizuri ya greini 55, lakini ya greini 80 yataka inchi 8 au 7. Kinyume chake pia kina hatari. Risasi ya ngozi nyembamba ikienda futi 3,200 kwa sekunde katika mtutu wa inchi 7 huzunguka mara zaidi ya 300,000 kwa dakika, na huweza kupasuka hewani kabla haijafika popote.

Hapo ndipo kampuni ya Remington ilipojikwaa. Mwaka 1955 Winchester ilitoa .243, msokoto inchi 10, risasi za greini 80 na 100. Mwaka huo huo Remington ikatoa .244, msokoto inchi 12, risasi za greini 75 na 90, ikidhani kwamba mnunuzi ataka bunduki ya wanyama waharibifu tu. Mnunuzi, ambaye aghalabu alikuwa na fedha za bunduki moja, alitaka imfae na kwa swala wa kule; akasikia kwamba .244 haiwezi greini 100, akaenda kwa Winchester. Baadaye Remington ilikaza msokoto hadi inchi 9, na mwaka 1963 ikaitoa risasi ya ganda lile lile kwa jina jipya la 6mm Remington. Wanunuzi walikuwa wamekwisha kuzoea duka la jirani.

Kuujua msokoto si kazi ngumu. Bunduki ikiisha kuhakikishwa kuwa ni tupu, kitambaa kikazwe katika ufito wa kusafishia wenye mpini uzungukao, alama itiwe kwenye ufito, nao usukumwe taratibu mpaka alama izunguke mara moja. Urefu ulioingia ndio jibu.

Jambo hili lina haja zaidi siku hizi. Tangu Julai 2019 sheria ya California imekataza uwindaji kwa risasi za madini ya risasi, kwa ajili ya sumu yake kwa ndege walao mizoga. Zile za shaba tupu zilizochukua mahali pake ni nyepesi kwa ukubwa ule ule, hivyo kwa greini zile zile huwa ndefu zaidi; na mwenye mtutu wa zamani wa inchi 12, aliyezoea greini 55 za madini ya risasi, huenda akalazimika kushuka hadi greini 45 au chini yake.