Waachieni wanafunzi paa

UBAO NA CHAKI
Na Mwanaidi Shekue

Wasomaji wa Biblia wanaijua Sikukuu ya Vibanda kutoka Mambo ya Walawi, sura ya 23. Siku 5 baada ya Siku ya Upatanisho, Wayahudi huhamia vibandani kwa siku 7: hula humo, hukaribisha wageni humo, na wengine hulala humo, kuwakumbuka wazee wao waliotoka Misri wakazunguka jangwani bila nyumba. Kibanda chenyewe kwa Kiebrania huitwa sukkah, nami nitakiita hivyo. Katika shule za Kiyahudi, za Israeli na za ughaibuni, sukkah ni mradi wa wanafunzi uliozoeleka, na hapo ndipo penye neno langu la wiki hii. Zipo shule ambako mradi huo huwa hivi: inaagizwa seti ya mabomba na turubai iliyokwisha kukatwa na kutobolewa, mtunza majengo anaifunga asubuhi kabla ya kengele, kisha watoto wanaletwa na mikasi na gundi waning'inize minyororo ya karatasi na makomamanga ya plastiki. Wazazi wanaambiwa kwamba darasa limejenga sukkah, ilhali darasa limepamba tu. Kupamba si kosa, na watoto wadogo hufurahi. Lakini shule inayowanyima wanafunzi wakubwa kazi ya kujenga, na hasa kazi ya kuezeka, imewanyima somo lenyewe.

Sheria ya sukkah ndiyo shahidi wangu wa kwanza. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200, inamtaja mtu aliyeutambaza mzabibu au mung'unye juu ya kuta zake. Kivuli anacho, majani anayo, lakini mmea ukiwa bado kwenye mizizi yake hana sukkah. Mwingine analichimba lundo la mabua mpaka anapata chumba ndani yake. Huyo naye ana kuta na paa, na sukkah hana. Walimu wa Talmudi, mkusanyo wa mijadala juu ya Mishna hiyo, walieleza sababu kwa kulibana neno moja la Kumbukumbu la Torati 16:13, agizo la kufanya sikukuu ile: fanya, wakasema, usichukue kilichokwisha kufanyika. Matawi ya mzabibu ule lazima yakatwe, yainuliwe, yalazwe upya kwa nia ya kupata kivuli. Niwe mkweli hapa: seti ya dukani ni halali, na aliyeinunua hajavunja sheria yoyote, maana matawi ya juu bado yanawekwa kwa mkono. Ninachokishangaa ni kwamba shule inachukua amri ambayo uhalali wake unategemea jinsi kitu kilivyotengenezwa, halafu inaifundisha kwa kitu kilichotolewa kwenye boksi.

Tuliangalie hilo paa, kwa sababu ndilo lenye utajiri. Kuta za sukkah zinaweza kuwa chochote: mbao, matofali, turubai, hata tembo aliyefungwa kamba, jambo ambalo walimu wa Talmudi walilijadili bila kucheka. Masharti mazito yako juu. Paa liwe la kitu kilichoota ardhini, kikakatwa, na kisiwe chombo cha matumizi. Bati halifai, nailoni haifai, ngozi haifai. Matawi ya mtende, mianzi na mabua vinafaa. Kivuli kizidi jua, na tangu zamani imependelewa nyota zionekane usiku kupitia majani. Fundi wa makuti wa Kilwa au Malindi angeona haya kukabidhi paa la namna hiyo, kwani ustadi wake wote ni kuyalaza makuti juu ya fito yakipandana mpaka tone lisipite. Sukkah inataka kinyume chake. Paa likiwa nene kiasi cha kuzuia mvua kabisa, kibanda kimeanza kuwa nyumba, na wapo wanasheria wa Kiyahudi waliolikataa paa hilo moja kwa moja. Kisha kuna suala la mkeka. Mkeka mkubwa wa matete uliosukwa kwa kulalia haufai kuezekea, uliosukwa kwa kuezekea unafaa, ingawa matete ni yale yale na msusi ni yule yule. Mpe mtoto wa miaka 12 mikeka miwili inayofanana, mwambie mmoja unapanda juu na mwingine unabaki chini, halafu mwulize kwa nini. Ataanza na nia ya msusi, ataingia kwenye desturi ya mahali, na asipokatizwa atafika kwenye swali la iwapo mnunuzi anaweza kuibadili nia ya aliyesuka. Sijui mnyororo wa karatasi uliowahi kuzaa swali hilo.

Hesabu nayo imo. Kipimo cha chini cha ukuta ni viganja 10, na kiganja, yaani upana wa vidole 4, huchukuliwa kuwa kama sentimita 8. Kwa hiyo ukuta usipungue sentimita 80. Kimo cha mwisho ni dhiraa 20, mita 9 na nusu hivi. Sasa ichukue ile turubai. Upepo ukija inavimba na kunywea, na ukuta unaopeperushwa na upepo wa kawaida una mashaka katika sheria. Dawa inayotumika leo ni kuvuta kamba za mlalo kati ya nguzo, kwa kuifuata kanuni ya kale kwamba uwazi usiotimia viganja 3 huhesabiwa kama umezibwa. Je, zinahitajika kamba ngapi? Mwanafunzi mwenye haraka atasema 3, kila moja ikiwa chini ya sentimita 24 juu ya mwenzake. Apige hesabu: chini ya 24 mara 3 ni chini ya 72, na ukuta unadai 80. Inabidi iongezwe kamba ya nne, au zitafutwe kamba nene ambazo unene wa zote 3 ukijumlishwa unapita kiganja kimoja. Mishna ilishaipiga hesabu hiyo hiyo mahali pengine, ikizungumzia misafara inayozungushia kambi yake kamba nyikani. Ukitaka darasa lielewe maana ya “chini ya” na “isiyopungua” katika hisabati, sioni njia fupi kuliko futi kamba na ncha ya kamba inayobaki mkononi haina pa kufungwa.

Najua mwalimu wa taaluma ana ratiba mkononi na ananisubiri. Majira haya shule za Kiyahudi zimetoka kwenye mwaka mpya wao, zimeingia Siku ya Upatanisho, wiki zimekatika vipande vipande, na mitihani haiahirishwi kwa sababu ya matawi. Atasema saa za useremala ni saa zilizoibwa kwenye hisabati. Hoja ya kamba ni nusu ya jibu langu. Nusu ya pili ni kumkubalia zaidi ya anavyotarajia: kazi ya mikono haifundishi chochote yenyewe. John Dewey, ambaye shule yake ya Chicago iliyofunguliwa mwaka 1896 iliwaweka watoto kwenye upishi, ufumaji na useremala, ndiye huyo huyo aliyeandika mwaka 1938 kwamba si kila uzoefu unaelimisha. Mfuasi wake William Kilpatrick, aliyeueneza mtindo wa miradi kwa makala yake ya mwaka 1918, aliliweka kusudi la mwanafunzi katikati. Pasipo kusudi lake, kilichobaki ni shughuli. Kwa hiyo nguzo zisisimame kabla Mishna haijafunguliwa. Kila kundi lichore, lipime, litetee mchoro wake mbele ya wenzake, na kundi linaloshindwa kueleza kwa nini paa lake linafaa lisipewe ngazi. Mwalimu anayewatuma watoto uani na nyundo huku yeye anasahihisha madaftari ofisini, huyo ameiba saa kweli. Lakini hoja ya Dewey inamkata pia mwenye seti na gundi, na kwa makali zaidi.

Usalama hautanichukua muda mrefu. Sheria inaruhusu kibanda kifupi, basi kijengwe kifupi. Kimo cha mita 2 kinamtosha mtu mzima. Mtu mzima ashike ngazi, na nyaya za taa afunge fundi umeme. Hofu iliyo nzito zaidi, ninavyoona, ni ya aibu: kwamba kibanda cha watoto kitainama au kitaanguka mbele ya wazazi. Talmudi ina kisa chake. Rabi Gamalieli na Rabi Akiva walikuwa safarini baharini, Akiva akajenga sukkah kwenye omo ya meli. Kesho yake upepo ukaing'oa, na mwenzake akamwuliza iko wapi. Kisa hicho kimewekwa humo kama ushahidi katika mjadala: sukkah inapaswa kustahimili upepo gani, wa nchi kavu au wa bahari? Jibu lililoshika ni kwamba ikistahimili upepo wa kawaida wa nchi kavu inatosha. Anguko la mwalimu mkubwa likawa kifungu cha masomo, na hakuna aliyempokonya nyundo. Darasa ambalo kibanda chake kimelala chini Jumanne asubuhi lina somo la Jumanne tayari.

Lipo pingamizi la dini, na hili silipuuzi. Shule yenye wanafunzi wa imani mbalimbali itawaambiaje wote wajenge kibanda cha sikukuu ya baadhi yao? Mfano haupo mbali. Mashariki mwa Uganda, karibu na Mbale, wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanza pale Semei Kakungulu alipoifuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Sekondari yao inayoitwa kwa jina lake inasomesha Wayahudi, Wakristo na Waislamu pamoja. Je, mwanafunzi Mwislamu akikata tawi na kulilaza juu ya fito, sukkah imeharibika? Talmudi inajibu wazi kwamba sukkah iliyojengwa na asiye Myahudi ni halali, mradi imeezekwa ipasavyo kwa ajili ya kivuli. Ujenzi basi uko mlango wazi. Sala na baraka zinazosomwa ndani ni za wenye sikukuu yao, na hakuna anayelazimishwa kuzitamka. Mpaka huo unafanana na ule uliowekwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1963 katika kesi ya Abington na Schempp: ibada ya kusoma Biblia ilikatazwa katika shule za umma, lakini kujifunza kuhusu dini kama sehemu ya elimu hakukukatazwa. Mwanafunzi au mzazi ambaye hata ujenzi unamkwaza aruhusiwe kukaa pembeni bila kuhojiwa. Na anayedhani kwamba kanuni za dini moja haziwezi kuwavutia watu wa nje akumbuke New York, Septemba 2010. Kwenye shindano lililoitwa Sukkah City, wasanifu wapatao 600 kutoka nchi kadhaa walileta michoro iliyofuata sheria hizi za kale, na 12 ikajengwa katika uwanja wa Union Square. Kimojawapo kilijengwa kwa vibao vya makaratasi magumu vilivyonunuliwa kutoka kwa watu wasio na makazi, vile wanavyoombea msaada barabarani. Kuhusu maana ya kibanda cha muda, hicho kilisema kuliko hotuba nyingi.

Pingamizi la mwisho ni letu zaidi kuliko lao. Msomaji wa Tanzania akisikia “wanafunzi wanajenga” anaona foleni ya watoto wamebeba matofali. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kazi iwe sehemu ya kujifunza. Katika shule nyingi kujifunza kuliondoka, ikabaki kazi, na mtoto akabaki na jembe. Wasiwasi huo ni wa haki. Sukkah inaukwepa kwa sababu moja tu: haimwachii mtu yeyote faida. Shule haipati darasa jipya, mkuu hapati banda la kuku, na baada ya wiki kila kitu kinafunguliwa. Inaukwepa kwa sharti kwamba waliojenga ndio wanaokaa. Kibanda kilichojengwa na wanafunzi kisha kikawa mahali pa kupigia picha wageni wa bodi, hicho nacho ni matofali kichwani. Waliojenga wapewe chakula chao humo. Mishna inasema mvua ikinyesha kiasi cha kuuharibu uji, mtu ana ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba. Walioezeka wenyewe watajua bakuli la nani lipo chini ya pengo, na nani alilaza matawi upande huo.

Wakuu wa shule ambao wameshaagiza seti mwaka huu wasizirudishe dukani, fedha imeshatoka. Fungueni boksi mbele ya wanafunzi, toeni mabomba, turubai na kamba, na ile karatasi ya maelekezo iwekeni kwenye droo ya mwalimu mkuu mpaka sikukuu iishe.