Gari limekaa kitako? Lipia kutafuta kwanza, kipuri baadaye

Haya wasomaji, leo naweka pembeni habari za seva na programu, nazungumzia gari. Msikimbie. Mkisoma hadi mwisho mtaona ni yale yale: mtambo umekwama, watu wanabadilisha vitu ovyo, na hakuna aliyekaa chini kuuliza kwa nini.

Ukikaa Malindi, Watamu au Kilifi utayaona sana magari haya makubwa ya fahari: Range Rover, Discovery, BMW X5, Prado za daraja la juu. Asubuhi unalikuta limeegeshwa, mbele limesimama sawasawa, nyuma limekaa kitako kama ngamia anayesubiri kupakiwa. Mwenyewe anawasha, kompresa inanguruma huko chini, baada ya muda nyuma inanyanyuka, anaenda zake. Wiki kadhaa baadaye hainyanyuki tena, na taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Hapo ndipo pesa zinapoanza kutoka.

Maoni yangu nayatanguliza ili tusizungushane. Watu humlaumu fundi, au hulilaumu gari. Mimi naona ubovu mkubwa uko kwenye namna tunavyolipa. Tunalipia kipuri na kazi ya kukifunga. Kufikiri tunataka bure. Sasa fundi ambaye halipwi kwa kutafuta, atatafuta kwa nini? Atabadilisha kipuri, maana ndicho kinachompa ugali.

Tuangalie mtambo wenyewe. Badala ya springi ya chuma, gurudumu linabebwa na mfuko wa mpira uliojaa hewa (usiuchanganye na ule unaofumuka wakati wa ajali). Range Rover zilianza kupewa springi hizi mwaka 1992. Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004, nyingi zinazo kwenye magurudumu yote manne. Lexus GX 470, baadhi ya Prado za namba 120, na zile BMW X5 za 2006 hadi 2013 zilizofungwa mfumo huu, zina chuma mbele na hewa nyuma tu.

Sehemu zake si nyingi: kompresa ya umeme, kikaushio cha kunyonya unyevu, valvu za kugawa hewa, mabomba membamba, sensa za kupima kimo, na kompyuta ndogo inayoamua. Baadhi ya magari yana tangi la akiba pia. Kompyuta inasoma sensa. Ikiona nyuma pameshuka kwa uzito wa abiria na mizigo, inaagiza hewa iongezwe. Ukiwa umewahi kuandika programu hata ndogo unaijua lupu hii: soma, linganisha, rekebisha, soma tena.

Sasa tuseme mpira wa nyuma umepata ufa mdogo pale unapojikunja. Hewa inatoka polepole usiku kucha. Asubuhi kompresa inafanya kazi mara mbili ya kawaida, kesho tena, keshokutwa tena. Inapata moto kupita kiasi. Kikaushio kinashiba maji, unyevu unaingia kwenye valvu. Mwishowe kompresa inakufa. Fundi anaikuta kompresa imekufa kweli, hasemi uongo. Inanunuliwa nyingine kwa makumi ya maelfu ya shilingi, inasafirishwa kutoka Mombasa, kilomita kama 120 hivi hadi Malindi. Gari linanyanyuka, watu wanapeana mikono. Ufa bado uko pale pale, na kompresa mpya imeanza safari ile ile ya mwenzake.

Wenzangu wa kompyuta mnaujua ugonjwa huu. Programu inavuja kumbukumbu, seva inalemaa, mtu anaongeza RAM. Wiki mbili raha, kisha inalemaa tena. RAM haikuwa na kosa.

Kuna wanaosema siku hizi hakuna haja ya kutafuta, chomeka mashine itakwambia. Mashine ni nzuri, lakini tuelewe inachosema. Chukua namba ya hitilafu C1A20, maarufu sana kwa wenye Discovery 3. Maana yake ni kwamba shinikizo linapanda polepole mno wakati wa kujaza tangi la akiba. Soma tena sentensi hiyo. Haijasema kompresa ni mbovu. Inaweza kuwa kompresa imechoka, ndiyo. Inaweza pia kuwa bomba linavuja, kikaushio kimeziba, au umeme unaofika kwenye kompresa ni hafifu. Namba ya hitilafu ni kauli ya shahidi, si hukumu ya hakimu. Isitoshe, vile visomaji vidogo vya bei rahisi vingi vinasoma injini tu. Kompyuta ya suspensheni inataka programu inayolijua gari hilo.

Pwani yetu nayo ina mambo yake. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula viungio vya umeme. Ukitoka Gongoni au Ngomeni, au ukienda Marafa kwa njia ya vumbi, mchanga unaingia kwenye mkunjo wa mpira na kuusaga kila gurudumu linapopanda na kushuka. Halafu kumbuka kanuni ya KS 1515:2000, inayoruhusu kuingiza Kenya gari lililotumika lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Wengi huagiza lililokaribia ukomo huo kwa sababu ya bei. Kwa hiyo gari lako "jipya" kutoka Japani au Uingereza huenda limeshuka bandarini na mipira ya miaka saba. Mpira huzeeka hata rangi ya bodi ikiwa inang'aa.

Basi kutafuta kunafanywaje? Mwanzo wake hautaki mitambo ya ajabu.

Kwanza, pima. Chukua futi ya seremala, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne. Andika kwenye karatasi pamoja na saa. Pima tena asubuhi kabla ya kufungua mlango. Angalizo: katika baadhi ya magari, kama Discovery 3, kompyuta huamka yenyewe gari likiwa limezimwa na kushusha pembe nyingine zilingane na iliyoshuka. Utadhani yote yanavuja kumbe ni moja. Dawa yake ni kuchomoa fyuzi ya mfumo huo usiku wa kupima (kitabu cha gari kinaonyesha ni ipi), ili kompyuta isikufiche ushahidi.

Pili, sabuni. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mpira, kwenye viungio vya mabomba na kwenye valvu, kisha tazama povu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini asiiname kijinga: usiingize kichwa wala mkono chini ya gari linaloshikiliwa na hewa peke yake, au na jeki peke yake. Likishuka halibishi hodi. Weka stendi imara chini ya chesisi kwanza.

Tatu, umeme. Pima volti zinazofika kwenye kompresa ikiwa inafanya kazi, si ikiwa imelala. Angalia rilei. Rilei ikinasa, kompresa haizimi mpaka iungue, na kuweka mpya bila kugusa rilei ni kuitoa sadaka. Angalia pia sensa za nyuma na vijiti vyake. Sensa inayodanganya hufanya kompyuta nzima iamue upuuzi kwa uaminifu mkubwa.

Nne, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha pima tena. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na gari likapona, hujajua kilichokuwa kinaumwa, na umelipia viwili bure.

Najua watakaosema: "Haya yote ya nini? Toa hewa, weka springi za chuma, yaishe." Siwapingi moja kwa moja. Kwa gari kuukuu linalobeba watu wawili tu, chuma ni uamuzi wa busara, hasa kama hewa iko nyuma peke yake. Lakini uwe uamuzi, usiwe kukimbia swali. Ukitoa hewa, gari likipakiwa nyuma litashuka, pua itainuka, na taa zitawamulika machoni wanaokuja mbele yako usiku kwenye barabara ya Mombasa. Kompyuta nayo haikuambiwa lolote. Itaendelea kuwasha taa ya onyo, na siku onyo la kweli likija hutalitambua. Pia, kama kilichokuwa kibovu ni sensa ya shilingi chache, umeng'oa mfumo mzima kwa ajili yake.

Narudi kwenye pesa. Ninayeandika programu nalipwa kwa saa, na saa nyingi kati ya hizo ni za kutafuta, si za kuandika. Mstari wa kurekebisha unaweza kuwa mmoja. Kuujua ni upi ndiyo kazi. Hakuna mteja anayeona ajabu. Mbona fundi wa Malindi aliyelala chini ya gari lako saa nzima, akatoka na karatasi yenye vipimo vinne na jibu "ni mpira wa nyuma kushoto, kompresa yako nzima", tunamwambia "lakini hujafunga kitu"? Amekuokolea bei ya kompresa. Mpatanisheni bei ya kutafuta kabla hajainama, na mdai karatasi ya vipimo. Ukiamua kupeleka kazi kwingine, karatasi ni yako.

Upande wa pili uko kwa watengenezaji. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwalazimisha wauze kwa wenye magari na gereji huru taarifa zile zile za matengenezo wanazowapa mawakala wao. Fundi wa Kilifi anastahili hivyo hivyo. Gari linalofichia tarakimu zake fundi aliye karibu nalo ni sawa na programu isiyotoa kumbukumbu za makosa: hata mwerevu atabaki kubahatisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa magari haya ukuta unauzwa ghali. Mlipeni mtu autafute ufa.