FYUZI SI ADUI

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Ndugu msomaji, mimi niliuona ukweli wa usemi huo likizo ya Agosti, ndani ya gari kuukuu la babu, katika baridi na ukungu wa Timboroa.

Gari lenyewe ni la Kiingereza, la mwaka wa 1974. Hita yake haina uchawi. Maji moto ya injini hupita katika rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa hapo ili ipate joto na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Umeme wa volti 12 hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi na mota, kisha hurudi kupitia bodi ya gari. Swichi ikiwekwa mwendo wa pole, umeme hupitia rezista inayoupunguza; ikiwekwa kasi, hufika kwa mota moja kwa moja. Kwa hivyo feni ikikataa pole na kukubali kasi tu, usikimbilie kununua mota. Kagua rezista kwanza.

Shida ya babu ilikuwa fyuzi. Iliungua kila mara. Fundi mmoja akacheka, "Mzee, hii ni kazi ndogo tu." Akatoa fyuzi, akaweka kipande cha waya wa shaba. Feni ikazunguka, babu akalipa, sote tukafurahi. Kumbe! Tulipofika Timboroa, moshi ukaanza kufuka chini ya dashibodi.

"Shuka haraka, mjukuu wangu!" babu alipaza sauti, akafungua boneti na kung'oa waya wa betri. Plastiki ya nyaya ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa.

Baadaye tulijua kwamba mota ilijaa vumbi, ikawa inazunguka kwa shida. Mota ya namna hiyo huvuta umeme mwingi kupita kiasi. Kila fyuzi ilipoungua ilikuwa ikituonya, nasi tukaiziba mdomo!

Wengine watasema eti fundi anatafuta riziki na mteja hana pesa. Nakubali, maisha ni magumu. Lakini je, fyuzi na gari zima, kipi ghali?

Maoni yangu ni kwamba lawama si ya fundi peke yake. Mimi nilikuwa pale nikimtazama. Kazi ya fyuzi nilifundishwa katika Fizikia, hata mtihani nikaupita. Mbona nilinyamaza? Niliogopa kuonekana mjuaji mbele ya wakubwa.

Wenzangu, elimu inayobaki darasani haimfai mtu, na heshima si kunyamaza. Siku nyingine nitasema kwa adabu, "Samahani fundi, tutafute kwanza kwa nini inaungua." Usipoziba ufa, utajenga ukuta.