Nani Aliwapa Namba Yangu?

Jumamosi, saa moja asubuhi, simu inalia. Namba siijui. Naskia mtu akiniita kwa jina langu lote, hadi lile la kitambulisho ambalo mamangu hulitumia tu akikasirika. Ana ploti Joska, hamsini kwa mia, hati iko tayari, ofa inaisha leo. Wasee, mimi nina mia mbili kwa M-Pesa. Ploti ya nini?

Nikamuuliza swali moja: nani alikupa namba yangu? Akakata. Jumatatu akapiga mwingine, namba tofauti, ploti ileile.

Najua mtaniambia, "Wachana nao, wanatafuta riziki." Sawa, huyo kijana analipwa akiuza tu, simlaumu sana. Namlaumu bosi aliyempa orodha ya majina na kumwambia apige kwa laini yake mwenyewe, ndio ukiblock moja ipo nyingine. Hiyo si biashara, ni kusumbua watu kwa mpango.

Na sheria tunayo tangu 2019. Sheria ya Ulinzi wa Data inasema huwezi kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa yake, labda sheria nyingine iwe imekuruhusu na mwenyewe ameambiwa. Kanuni za 2021 zikaongeza kwamba lazima upewe njia rahisi ya kujitoa. Kukatiwa simu si njia ya kujitoa!

Sasa fikiria kile kitabu cha wageni pale getini. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saa ya kuingia. Tunajaza bila kuuliza, na ukurasa uko wazi, yeyote anayefuata anaweza kuupiga picha. Siwezi kuapa kwamba yangu ilitoka huko, lakini mlishawahi kuuliza hivyo vitabu vikijaa vinaenda wapi?

Kwa hivyo fanyeni hivi. Muulize anafanyia kampuni gani na namba ameitoa wapi. Mwambie aifute. Andika tarehe, piga screenshot. Akirudi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, unajaza mtandaoni, na wanatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Faini inaweza kufika milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Yaani hata hapo wamehurumiwa.

Mimi yangu nimetuma jana usiku. Leo asubuhi wamepiga tena, saa hii ni Malindi, karibu na bahari.